Kupe Isiyonyonya Damu: Gari la Milango Miwili la Bei Nafuu kwa Mkazi wa Nairobi

Kwa mfugaji, kupe ni mdudu anayejibana sikioni mwa ng'ombe akanyonya damu mpaka anenepe kama mbegu ya mbarika. Kwa mpwa wangu, kupe ni gari la milango miwili, paa limeinamia nyuma, dereva amekaa chini karibu aguse lami. Alinijia Jumapili moja na laki tisa alizodunduliza kwa miaka minne, simu imejaa picha. Nikamwambia kwamba hapa Nairobi hizo maana mbili za kupe hukutana upesi sana, hasa kwa mtu anayenunua gari kwa kuangalia namba za kwenye karatasi.

Nina haki ya kusema. Nililea Celica miaka mitano, na ikaninywa vizuri.

Tulikubaliana jambo moja mapema: gari liwe la kuvutwa na magurudumu ya mbele. Toyota 86 na Subaru BRZ husukumwa na ya nyuma, zina utamu wake, lakini laki tisa haziyafikii yale ambayo hayajagongwa. Gari la kuvutwa mbele ni jepesi, halina shafti ndefu inayopita chini ya sakafu, na mvua ya Aprili ikigeuza barabara kuwa mto haliyumbi makalio. Na karibu kila fundi wa mtaani amewahi kulishusha giaboksi lake.

Farasi walioshukia Mtito Andei

Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 inazopanda. Kwa hiyo zile nguvu farasi 190 zilizoandikwa Japani, zikifika hapa, zinabaki kama 155. Wengine walishukia Mtito Andei.

Hili nililijua kwa mguu kabla sijalijua kwa hesabu. Mwaka mmoja nilishuka na Celica hadi Mombasa, na tulipopita Voi gari likaanza kuitika kama mtu aliyelala usingizi mzuri. Nikadhani ni mafuta niliyoweka njiani. Niliporudi na kufika Athi River, uvivu wake ukarudi pia.

Injini ya turbo haiumii hivyo kwa sababu hewa inasukumiwa ndani kwa nguvu. Na mota ya umeme haina habari na hewa kabisa. Mambo haya mawili yamepindua orodha yangu kuliko unavyoweza kutarajia.

Kitu cha pili ninachouliza ni hiki: injini ya hili gari ina ndugu wangapi barabarani? Kupe yenyewe ni adimu, lakini kama moyo wake umo pia ndani ya gari la kubebea familia, basi Kirinyaga Road utapata kila kitu kuanzia plagi hadi injini nzima iliyoteremshwa kwenye kontena. Ikiwa ni yatima, utakuwa unaagiza skrubu kutoka ng'ambo huku gari limekaa juu ya mawe.

La tatu ni namba ya gari. Kenya haiingizi gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Celica na Integra zote ziliacha kutengenezwa mwaka 2006, kwa hivyo zilizoko hapa zimekuwa hapa muda mrefu na kwa kawaida zina namba za zamani, zinazoanza na KA au KB. Mtu akikuonyesha Celica yenye namba mpya ya KD, usianze kupiga picha, anza kuuliza maswali. Maana yake pia ni kwamba hununui gari la Japani. Unanunua gari ambalo limeshakula matuta ya Nairobi kwa zaidi ya miaka kumi.

1. Honda CR-Z ya gia za mkono

"Anko, hilo si ni gari la mwalimu mkuu?" Hayo ndiyo maneno ya mpwa wangu. Na ni kweli kwamba kwenye karatasi CR-Z haitishi. Injini ya lita 1.5 yenye nguvu farasi 114, mota ya umeme ya farasi 14, kutoka sifuri hadi 100 sekunde kama kumi. Matatu yenye dereva mwenye haraka itakupa presha.

Lakini weka gari hilo hapa kwetu. Ile mota husaidia tangu chini kabisa, mizunguko 1,000 na kitu kwa dakika, na ikiungana na injini hutoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 174. Hapo ndipo mtu wa Nairobi anapoishi: gia ya pili, kilomita 30 kwa saa, kutoka tuta moja hadi jingine. Celica yangu ilikuwa haijaamka bado kwenye mizunguko hiyo. Nilipoendesha CR-Z ya jirani yangu kutoka Kangemi kupanda Uthiru, nilisikia mgongo ukisukumwa na kitu ambacho hakipigi kelele. Ina gia sita za mkono, jambo ambalo hakuna haibridi nyingine ilikuwa nalo ilipotoka mwaka 2010, na ilishinda tuzo ya Gari la Mwaka la Japani msimu wa 2010–2011. Uzito wake ni kilo 1,130 hivi. Usichukue ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za kuhesabu, itakuchosha roho.

Halafu kuna tarehe 14 ya kila mwezi, EPRA inapotangaza bei ya mafuta. Mwenye CR-Z hulala.

Ndugu zake ni wengi. Injini ni ya ukoo wa L15 uliomo ndani ya Fit, na mfumo wa haibridi wa zile za mwanzo ni wa familia moja na Insight na Fit Hybrid. Zile zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2012 zilipata betri ya lithiamu na mota ya farasi 20. Ukiipata hiyo kwa bei yako, chukua, ila ujue betri yake ni ngumu kidogo kuipatia ndugu.

Betri ndiyo ugonjwa wa kuangalia. Ichukue kwa jaribio mpaka Limuru. Ukiwa unapanda, kanyaga mafuta sana kisha tazama vijiti vya chaji kwenye dashibodi. Vikiporomoka kutoka juu mpaka kimoja kwa muda mfupi, halafu vikajaa tena ghafla kama uchawi, betri imechoka na inajidanganya. Muuzaji atasema ni baridi ya Limuru. Si baridi.

Viti vya nyuma? Weka begi. Nilijaribu kukaa pale nikatoka na shingo ya kobe.

2. Honda Integra ya kawaida

Nasema ya kawaida makusudi. Integra ya mwisho, ile ya 2001 hadi 2006 ambayo watu wanaiita DC5, ilikuja kwa sura mbili. Kuna Type R: lita mbili, farasi 220 kwenye mizunguko 8,000, gia sita, breki za Brembo, viti vya Recaro, difu inayogawa nguvu vizuri kwenye kona. Hilo ni gari la ajabu na waliobaki nalo wanajua thamani yake. Kwa laki tisa utauziwa ama lililopasuliwa, ama jina tu.

Na jina linauzwa sana. Beji nyekundu ya Honda hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Basi usisome beji. Keti ndani, shika fimbo ya gia, zihesabu kwa mkono, moja hadi ya mwisho, wala usitegemee michoro iliyo juu ya kifundo kwa sababu nacho hubadilishwa. Gia tano, hiyo si Type R. Kisha chungulia nyuma ya rimu za mbele: Brembo ina pistoni nne na kaliper, kile kibano cha breki, nene inayojaza nafasi. Tuliona moja iliyopakwa rangi nyekundu kwa brashi, nywele za brashi zingali zimenata kwenye chuma.

Ile ya kawaida ina farasi 160, huku kwetu kama 130, na torki ya Nm 191 inayofika kileleni kwenye mizunguko 4,000, si 7,000 kama ya kaka yake. Hiyo ni tofauti kubwa ukiwa unaingia Waiyaki Way kutoka barabara ya pembeni. Injini ni K20A, ile ile ya ukoo wa Stream na Stepwagon za lita mbili, na inatumia cheni ya taimingi, si mkanda. Fundi wangu wa Kariobangi akiiona huwa hata hafuti mikono, anainamia tu.

Mlango wake wa nyuma unafunguka pamoja na kioo, na ukikunja viti gunia la viazi la Kinangop linaingia. Nimelishuhudia. Jambo la kulaumu ni sahani za breki za mbele, ambazo kwenye magari mawili kati ya matatu tuliyojaribu zilitetemesha usukani tukifunga breki kutoka 100. Mengine ni uzee: bushi, shokomzoba, mpira wa maji.

3. Toyota Celica

Moyo wangu ungeiweka ya kwanza. Mfuko wangu unakumbuka.

Celica ya mwisho, 1999 hadi 2006, ina injini mbili za lita 1.8 zisizofanana hata kidogo. Ya SS-I ni 1ZZ, farasi 145 kule Japani, kama 120 hapa. Hiyo ina ndugu kila kona: Wish, Premio, Allion, Fielder za 1.8. Hakuna sehemu utakayokosa. Tatizo ni kwamba zile za miaka ya mwanzo hunywa oili.

Yangu ilinywa lita moja kila kilomita elfu moja. Aliyeniuzia aliapa kwamba injini haijawahi kufunguliwa, na katika hilo hakusema uongo. Ilipaswa kufunguliwa zamani. Siku fundi alipoitoa pistoni ya kwanza aliiinua kwenye mwanga wa mlango wa gereji, akanionyesha mfereji wa ringi ya chini. Pale kuna vitundu vya kurudishia oili ndani ya injini. Kwenye pistoni hizo za zamani vitundu ni vidogo, na vyangu vilikuwa vimezibwa na masizi magumu kama lami. Alijaribu kukizibua kimoja kwa sindano, sindano ikapinda. Oili isiyo na njia ya kurudi hupanda juu ikachomwa pamoja na petroli. Toyota walikuja kubadilisha pistoni kwenye injini za baadaye, wakapanua vitundu, na tiba yangu ilikuwa hiyo hiyo: pistoni za toleo jipya, ringi mpya, wiki mbili za kupanda matatu.

Kwa hiyo ukijaribu Celica ya SS-I, tafuta mteremko mrefu. Shuka na gia ya pili bila kukanyaga mafuta, kisha chini kabisa kanyaga ghafla na uangalie kioo cha nyuma. Wingu la bluu likitoka, rudisha ufunguo. Na usikubali stiki ya oili iliyofutwa ikang'aa. Mwenye gari anayefuta stiki kabla hujafika ana la kukuficha.

SS-II ni mnyama mwingine. Injini ya 2ZZ ilitengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha, ina farasi 190 na gia sita, na ndiyo iliyomo kwenye Runx za Z Aero na hata Lotus Elise. Kemshafti yake ina ndimi mbili, na kwenye mizunguko 6,200 hivi inahama kutoka ulimi mfupi hadi mrefu. Sauti hugeuka kabisa, kutoka kunung'unika hadi kupiga yowe. Ukipita mizunguko hiyo na sauti isibadilike, boliti za mfumo huo zimekatika, ugonjwa unaojulikana kwa zile za kabla ya 2002, au oili imepungua. Hiyo ni nafuu ya kutengeneza, ila itumie kupunguza bei.

Swali ni utalisikia yowe hilo wapi. Gia ya pili ikifika 6,200 umeshakaribia kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha Expressway. Chini ya hapo unaendesha Corolla nzuri iliyolala chini. Mimi hata SS-I yangu nilikuwa naipeleka Magadi Road alfajiri ya Jumapili, mara mbili kwa mwezi, na siku nyingine zote nilikuwa napanda matuta ya mtaani kwa upande mmoja mmoja kama kaa.

4. Volkswagen Scirocco

Hii ndiyo yenye kasi kuliko zote tatu ukiwa Nairobi, na ndiyo iliyo mwisho.

Scirocco ya 2008 hadi 2017 imejengwa juu ya Golf, na zilizotoka Japani nyingi ni za lita 1.4 zenye turbo pamoja na supachaja juu ya injini moja. Farasi 160, Nm 240 kuanzia mizunguko 1,500, na kwa sababu ya kusukumiwa hewa haiachi farasi wengi njiani. Inabeba watu wanne wazima. Mlango ukifungwa husikia kishindo cha sefu ya benki. Mpwa wangu alipotoka kuiendesha hakuongea kwa dakika mbili.

Lakini giaboksi lake la DSG la gia saba lina klachi mbili kavu, zisizoogeshwa na oili. Kwenye foleni ya Mombasa Road, mahali unaposogea nusu mita kila sekunde ishirini, klachi hizo hushikana na kuachana mpaka zinanuka. Injini yenyewe ya 1.4 ina sifa mbaya ya pistoni kupasuka na cheni kulegea. Weka uzee juu ya hayo.

Ukiwa umeamua hivyo hivyo, mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Likiwa la moto, kunywa chai urudi baada ya saa tatu. Likiwa baridi, washa ukiwa nje na usikilize: mlio wa kokoto kwenye kopo kwa sekunde chache ni cheni. Kisha liweke kwenye D kwenye mlima mdogo, achilia breki taratibu. Likitetemeka kama lina homa, klachi zimekwisha.

Ile ya 2.0 TSI ni salama zaidi. Farasi 200 au 210, giaboksi la gia sita lenye klachi za oili. Ingekuwa mpwa wangu ana laki tano zaidi, na tano nyingine za kuweka akiba, orodha hii ingebadilika. Golf ni nyingi mjini na mafundi wake wapo, wanaojua kazi, ila si wale wa chini ya mti.

Zilizobaki nje

Mitsubishi FTO ya V6: nzuri kama ndoto na yatima kama ndoto. Peugeot RCZ: paa lake lenye mabonde mawili limewahi kunisimamisha barabarani, lakini nilisimama tu. Corolla Levin ya 1.6 yenye valvu ishirini: ukipata isiyooza, mwenye nayo haiuzi. Na Honda wamelirudisha jina la Prelude mwaka 2025, haibridi ya kuvutwa mbele. Kwa bei yake mpwa wangu angenunua ploti Kamulu na mabati ya kuizungushia.

Kabla hujatoa pesa

Tafuta rekodi ya gari kwenye akaunti ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, ndani ya eCitizen wewe mwenyewe, kwa simu yako, usisomewe. Kama kuna mkopo juu ya logbuku, utaonekana hapo. Uliza bima mapema, kwani kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari lililozeeka, na kupe iliyoegeshwa nje usiku na bima ya mtu wa tatu ni usingizi wa mashaka. Ingia chini ya gari na tochi: kupe huburuza tumbo, na mikwaruzo mipya kwenye sampu ya oili ni hadithi kamili. Springi zikiwa zimekatwa ili gari likae chini zaidi, mimi huondoka bila kuaga.

Na jaribio langu la mwisho kwa kila gari la kuvutwa mbele. Nenda kwenye uwanja wa kuegesha, kata usukani wote hadi mwisho, fungua kioo, zunguka polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo. Kisha zunguka upande wa pili. Ukisikia tak-tak-tak kutoka kwenye gurudumu la nje, sivi, kile kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, imekufa. Mara nyingi chanzo ni buti lake la mpira lililopasuka likamwaga grisi na kuingiza mchanga, kitu kidogo ambacho kingebadilishwa mapema kwa pesa ndogo.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda kununua Integra. Ya gia tano, nyeusi, namba ya KB, beji nyekundu mbele na nyuma. Zile beji alizing'oa mwenyewe kwa uzi wa kuvulia samaki usiku wa kwanza, na hapo nikajua amenunua kwa akili.

Wiki ya tatu akanipigia. "Anko, kuna ka-mlio nikikata kona kuingia getini." Nikamuuliza kama alizungusha gari uwanjani kabla ya kulipa, pande zote mbili. Akanyamaza. Alikuwa amezunguka upande mmoja tu. Mvua ilikuwa inaanza. Jumamosi hiyo tulikuwa Kirinyaga Road, yeye ameshika sivi ya zamani iliyofungwa kwenye gazeti, kijana wa duka akaitazama mara moja, akahesabu meno yake kwa kidole, akaita mwenzake aliyekuwa ghorofani: "Niletee ya Stream, ya kushoto!"